Mgomba Kaburini

Katika mochari moja ya Kisii, nilikofuata nguo za marehemu mke wangu, mama mmoja kutoka kijiji cha Nyansiongo alikataa kuketi. Afisa alimweleza kuwa DNA ya mate yake imeoana na mifupa iliyookotwa zamani kwenye shamba la majani chai, ya kijana aliyeuawa kwa panga. Ni mwanawe aliyepotea.

Mama alifunga leso, akaifungua.

"Tulishamzika. Mwili ulipokosekana, tulizika mgomba badala yake. Sasa tuutoe?"

"Mama, huo umeshaoza."

"Kwani huyu wako ni mzima?"

Afisa akamsogezea fomu ya kuchukua mifupa.

"Basi walale pamoja. Ule nimeulilia miaka yote. Huyu ndiyo kwanza naanza kumlilia leo."

Maabara imemjibu, lakini hakuketi. Nilitaka kumsogezea kiti, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe, tangu mazishi ya mke wangu, nala nikiwa nimesimama.