Ng'ombe Walioshindilia Lambo

Kule Karagwe nilikozaliwa, wazazi wangu wakiwa bado ugenini, bwawa la kuchimbwa na kuzibwa kwa tuta la udongo tuliliita lambo. Lambo ndilo lililotunywesha, likanywesha na ng'ombe wa baba. Kwa hiyo nilipoolewa Mudende, huku milimani juu ya mji wa Gisenyi, swali langu la kwanza kwa mama mkwe lilikuwa hili: "Mama, lambo lenu liko wapi?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Huku maji haikai, mukazana wangu," aliniambia. Kiswahili chake alikiokota katika soko la Goma alikokuwa akiuza viazi, na alipenda kukitumia na mimi kwa kuwa Kinyarwanda changu kilimchekesha. "Mvua inanyesha, udongo inakunywa. Hii udongo yetu iko na kiu kuliko sisi."

Alisema kweli. Mvua ya Mudende haina ubahili, lakini chini kuna mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo. Inanyesha asubuhi, mchana unatembea na viatu vikavu. Na ziwa tunaliona vizuri kabisa kule bondeni, pana na la buluu, tukiwa tumejitwika madumu kutoka bombani, mteremko mzima na mlima mzima.

Ndipo miaka michache iliyopita, katika mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tukatangaziwa kwamba tutajengewa lambo. Nilipiga vigelegele peke yangu. Wengine walitazamana. Mhandisi aliyeletwa alikuwa binti mwembamba wa mjini, mwenye buti zinazopwaya, na mama mkwe alisubiri mkutano uishe ili amuulize uso kwa uso maji yatakaa vipi juu ya chujio.

"Mama, chujio ukilipaka udongo wa mfinyanzi, linakuwa sufuria," binti alimjibu. "Tutauleta kutoka mabonde ya Kanama, tuupange tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka tulishindilie mpaka lisipitishe hata pumzi."

"Mm," mama mkwe akasema, na kwake neno hilo lilitosha kuwa hukumu.

Nilipata kazi pale, pamoja na wanawake wenzangu, ya kusambaza udongo kwa majembe. Malori yalimwaga, sisi tukasawazisha, tukanyunyiza maji kidogo, tukasubiri mashine ya kushindilia, lile pipa zito la chuma lenye meno. Mama mkwe alikuja kila siku na kibuyu cha uji wa mtama, eti kuniletea mimi, kumbe alikuja kukagua.

Siku tuliyomaliza kutandika sakafu ya lambo, mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza barabara kuwa sabuni. Tulisubiri mashine, haikuja. Mwishowe kapita wetu, msimamizi wa vibarua, mtu wa Cyanzarwe mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mpaka, alitokea akitembea kwa miguu, tope mpaka magotini.

"Mashine iko imelala kwa mutaro kama nguruwe," alisema. "Dereva iko muzima, iko anakula muhogo. Lakini leo mashine haiamuke. Bon, tufanye nini?"

Mhandisi alichukua donge la udongo, akalibana kiganjani. Ulikuwa laini vizuri, kama unga wa chapati uliokandwa. Jua likiuchoma utapasuka, alisema, na mvua ikirudi utakuwa supu, na kazi yote ya wiki itakuwa bure. Alizunguka, akatazama mawingu, akatazama mabanda ya ng'ombe yaliyotuzunguka pande zote. Kisha akamsogelea mama mkwe.

"Mama, una ng'ombe?"

"Unataka maziwa?"

"Nataka miguu."

Akamweleza kwamba walioyabuni yale meno ya mashine waliiga kwato, na kwamba kundi la ng'ombe likitembezwa juu ya udongo ule lingefanya kazi ileile, polepole tu. Mama mkwe alijinyoosha. "Ng'ombe wangu si katapila!"

Watu wakaangua kicheko. Niliweka jembe chini. Nilimwambia mama kwamba baba yangu alifanya hivyohivyo Karagwe: lambo lilipokauka, kabla ya mvua, aliwapitisha ng'ombe wote kwenye tope la chini, wakakanyaga mpaka likawa gumu, na maji ya mwaka huo yalidumu.

"Baba yako mwenyewe?" aliuliza. Hajawahi kumwona baba ila siku ya mahari, lakini siku ile walizungumza habari za ng'ombe mpaka wageni wengine wakasinzia.

"Mwenyewe, mama. Na mimi nikiwa nyuma na fimbo."

Aligeuka akaenda nyumbani, na alipotokea tena alikuwa mbele ya ng'ombe wake, akiwaita kwa majina ya sifa. Majirani walipoona hivyo, wakafungua mabanda yao.

Ng'ombe wa huku siku hizi wanalishwa zizini. Majani huwafuata wao. Walipojikuta nje, wote pamoja, walipigwa na wazimu wa furaha. Jike mmoja mzito wa mabaka meusi alirusha miguu ya nyuma kama ndama. Wengine walikimbia wakasimama katikati ya lambo, wakashangaana. Mama mkwe alishika uongozi, akawazungusha pembezoni kuingia ndani, akiimba zile sifa za ng'ombe ambazo mume wangu aliniambia hakuzisikia tangu utoto wake. Sisi tuliitikia kwa makofi. Hata kapita aliimba, ingawa maneno hakuyajua.

Mhandisi alikuwa amepanda juu ya rundo la mawe.

"Shuka uone kazi yako!" nilimwita.

"Naiona vizuri kutoka huku," alijibu. "Mimi naogopa ng'ombe."

Tulicheka mpaka machozi. Mama mkwe alimfuata, akamshika mkono, akamtembeza katikati ya kundi kama bibi harusi, huku binti amefumba macho. Jioni ilipokaribia, mhandisi aliukanyaga udongo kwa kisigino cha buti kwa nguvu zote. Haukuacha alama. Akaruka juu mara kadhaa, na hapo nikagundua kwamba sasa alikuwa anaruka kwa furaha tu.

Mashine ilitolewa mtaroni, tuta likapandishwa, na siku ya umuganda tukalipanda majani ili mvua isilimege. Kisha mvua zikaanza. Kila asubuhi watu walipita kuangalia maji yamefika wapi, kama unavyomchungulia mzazi na mtoto wake. Yalikaa. Yakapanda.

Asubuhi moja mama mkwe aligonga mlango wetu kwa ngumi. "Inavuja! Lambo inavuja chini!"

Tulikimbia. Kweli, kwenye mguu wa tuta, mahali palipopangwa mawe, maji membamba yalikuwa yakitiririka. Nilimpigia mhandisi, naye akauliza jambo moja tu: "Ni maji safi au ya tope?" Nikachota kwenye kiganja. Yalikuwa safi.

"Basi tulia. Tuta la udongo lazima litoe jasho kidogo, mawe yale yamewekwa kwa ajili hiyo. Ukiona tope, hapo ndipo upige kelele."

Nilimweleza mama. Kesho yake nilimkuta pale amechuchumaa na glasi yetu ya wageni, ameiinua kwenye mwanga, jicho moja amelifumba. Tangu hapo ndiyo kazi yake ya asubuhi, na hakuna aliyempa. Akimaliza anapita kwenye birika lililojengwa chini ya tuta, ambako ng'ombe wananyweshwa, kwa maana ndani ya uzio wa lambo hawaruhusiwi tena. Jambo hilo lilimuudhi mwezi mzima. "Wao ndio wamejenga," alilalamika kwa kila aliyepita. Sisi tunachota kwenye bomba lililo karibu na barabara, baada ya maji kuchujwa, na nikitoka nyumbani narudi kabla maharage hayajachemka.

Mwaka huu vyura wamekuja. Hatujui wametoka wapi, huku hatukuwa nao. Jua likishuka tu wanaanza, na jirani yetu mmoja amelalamika kwamba hasikii tena redio yake. Mama mkwe alimwambia aongeze sauti. Jana tulikaa naye mlangoni tukimenya viazi, tukawasikiliza, na akaniuliza kama vyura wa Karagwe nao wanaimba hivi. Nilimwambia wale wa kwetu wana sauti nzito zaidi.

"Hawa bado wageni," alisema. "Watazoea."