Tiki za Buluu Hazilii

Nakumbuka siku moja, mdogo wangu, nyumbani Igogo, bibi yetu amelala ndani ya jeneza na ukoo mzima unabishana uani. Sina umri wa kutoa nasaha, najua. Nimelifikiria hilo wiki nzima. Lakini wazee wamechoka kutusemesha, basi acha nikupe nilichoambiwa.

Bibi alifariki asubuhi. Chai haijachemka, kundi la ukoo kwenye simu lilishapata tangazo na picha ya mshumaa. Mtu mmoja, sijui akili aliiweka wapi, akatuma tangazo la viwanja papo hapo chini ya picha ya marehemu.

Babu Masanja, kaka yake bibi, anaishi ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na yumo kwenye kundi hilo. Ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lao, na kwetu kaburi la dada halifukiwi kabla kaka hajatia udongo wa kwanza. Mjomba akasema mzee ameona, tiki za buluu hizi hapa. Tukamngoja. Siku ikaisha, hakuja, wala simu hapokei. Kesho yake, siku ya mazishi, mjomba alisema mzee ana kiburi, tuzike tu. Mama akanituma nikamwangalie.

Kigongo siku hizi kuna daraja, hakuna kungoja kivuko. Njia nzima nilijiuliza kama naye yu hai. Nilimkuta mlangoni, amevaa koti na viatu, begi dogo pembeni. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja kunisalimia, au una neno?"

Nikapiga magoti. "Babu, bibi ametutoka."

Hapo ndipo alipolia, mdogo wangu. Alipotulia, akaanza kunigombeza.

"Tangu jana nimevaa viatu, nangoja mtu. Simu imeniambia, ndiyo maana nimeacha kuipokea; ninyi hamjaniambia. Mna daraja, mna magari, mmekosa miguu?"

Nikasema tuliona ameshasoma.

"Kusoma nimesoma. Mlitaka nijibu nini, kidole gumba?"

Njiani hakunipa nafasi ya kupumua. Alisema zamani mtu alitembea kutwa nzima kuleta habari ya kifo. Redio ikaja, ikatangaza vifo jioni, na bado mtu alikuja. Zikaja simu za tochi, na aliyepiga aliuliza kwanza uko na nani hapo, ndipo aseme. "Sasa mnamtupia mtu kifo cha dada yake, yuko peke yake na kikombe cha uji. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Tulifika jeneza likitolewa. Mjomba alituona, akaja hadi barabarani, akapiga magoti na suruali yake nyeupe, akampa habari upya kana kwamba hajui. Babu akamsikiliza mpaka mwisho, akaitikia, akamshika bega. Kisha akaenda kumzika dada yake.

Basi, mdogo wangu, tuma picha za harusi, tuma vichekesho, tuma chochote. Ila neno zito libebe mwenyewe. Usipoweza kufika, mtume mtu. Usipopata mtu, piga, na usikate mpaka amemaliza kulia. Kuona ujumbe si kupokea habari, na haraka yetu hii imetunyima baraka nyingi.

Mungu akupe watu wa kuacha shughuli zao waje kwako siku ya giza, na akupe miguu myepesi ya kwenda kwao.