Mpira Niliouchezesha kwa Tende

Jamani, nacheka leo, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe. Tulikwenda mtaa wa Ghubra, mimi na ami yangu, kumposa Rehema, na babake (mzee mpole, ila kwenye mpira hana mchezo) akatukaribisha kahawa na halua mbele ya televisheni, Waingereza na Wataliana ndio kwanza wanaingia uwanjani, akaniuliza, "Mpira unafuatilia, mwanangu?"

Ningesema sifuatilii, yangeishia hapo. Mara ya mwisho kutazama mechi nzima nilikuwa skuli! Lakini nilimtaka Rehema, basi nikajibu, "Sana, mzee."

"Basi tufafanulie."

Nikafafanua. Nikapanga tende kwenye sinia, saba nyuma, nikasema hawa Wataliana, kazi yao kulinda tu, na vile vikombe vya kahawa Waingereza, wao hubutua mpira juu wakaufukuza. Mechi ikaanza. Kipa wa Kiingereza akatoa pasi fupi miguuni mwa beki, beki akamrudishia, na wale Wataliana wangu wa kulinda wote wako mbele wanakaba mpaka golini! Ami akanikanyaga mguu. Mimi huyo, "Wanatega, mzee, sasa hivi wanarudi nyuma," nikanyoosha mkono kuzirudisha tende, kiwiko kikalipiga dele la kahawa, yote ikamwagika kwenye kanzu nyeupe ya mzee.

Nikajua nimemkosa Rehema. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia la upande wa wanawake:

"Baba, huyo anaeleza mpira wa zamani! Siku hizi makocha wanahama nchi, wachezaji wanakutana ligi moja, kila mtu kaiga kwa mwenzake. Hata Wahispania, na pasi zao zile, sasa wanapita pembeni mbio mbio!"

Alikuwa Rehema. Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu ile ile iliyorowa.

"Mwanangu, mpira wako huo mie niliuona bado nna nywele nyeusi." Akageukia pazia. "Sasa wewe, huyu unamtaka hivyo hivyo?"

Nikalikazia macho pazia.

"Namtaka, baba. Mpira nitamsomesha."

Ami akatoa takbiri, mimi nikainama kuokota tende ili wasiyaone macho yangu, maana furaha ilinizidi.

Tumeoana, na kila mechi nakaa kimya nikisomeshwa. Nimeapa: nikiulizwa nisichokijua, nasema sikijui, hata kama anayeuliza ana binti.