Sayari Iliyogandama Nyota

Usiku huo mama hakupata hata lepe la usingizi. Kwenye benchi la korido ya kituo cha darubini, alimtazama bintiye mpima nyota kupitia kioo cha mlango. Binti akihangaika hutafuna kifuniko cha kalamu. Leo alikuwa amekimaliza. Nyota yake ya mbali ikififia saa nane, basi kweli kuna sayari kubwa inayoizunguka na kuikinga mwanga ikipita mbele yake, imeigandama kama kupe. Isipofifia, kazi ya miaka miwili imekwenda na maji.

Jioni alikuwa amemwambia, "Mama, mwaka wa huko ni siku tatu tu."

"Basi huko mimi nina miaka elfu sita, na bado hujaniletea mkwe!"

Saa nane na dakika nne, binti akavua viatu, akaanza kurukaruka kama mtoto aliyeona mvua. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mama, imefifia!"