Majora Manne Nisiyoyachukua

Miaka ile ya vita nilikuwa fundi wa kushona katika mtaa wa Waswahili, Gitega. Nilishona sare za wanafunzi wa shule za Mushasha, na kazi haikukatika hata barabara zilipofungwa, maana watoto hawangoji vita viishe ndipo wakue. Vitambaa nilikopa Muyinga, kwa Mhindi mmoja mzee aliyeviingiza kupitia mpaka wa Kobero. Alinipa, nikashona, nikalipa, akanipa tena. Hatukuwahi kukorofishana.

Asubuhi moja akaja mwanamume mwenye mkoba wa ngozi kwapani, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alisalimia vizuri, akaketi, akaulizia watoto. Kisha akafungua mkoba.

"Mama fundi, mi natoka Muyinga. Mzee alifariki, Mungu amrehemu. Sasa mtoto wake ndiye anashika duka. Deni yako iko majora tano ya kaki."

Habari ya msiba ilinigonga kwanza, deni baadaye. Nilimwombea mzee, ndipo nikasema, "Nadaiwa jora moja. Hilo nalikubali."

"Kitabu iko na tano."

"Basi kitabu iko na makosa."

Akaitazama cherehani yangu. "Bon, sawa. Kama pesa hakuna, nimeambiwa nichukue mashine."

Mume wangu alikuwa amefariki kabla ya vita, na cherehani ile ndiyo iliyolisha watoto wangu watatu. Niliweka mkono juu ya gurudumu lake nikamwambia ataibeba pamoja na mimi. Hakuigusa. Alifanya jambo baya zaidi: alikaa kizingitini kwangu siku tatu mfululizo, na kila mteja aliyefika alimwambia kwa sauti, "Mi nangoja pesa ya Mhindi." Wengine waligeuka na vitambaa vyao mkononi. Nilishona kichwa kimeinama, masikio yakiwaka.

Siku ya tatu nilimpelekea chai pale pale alipokaa. Alishangaa, akaipokea kwa mikono miwili.

"Kesho tunaenda Muyinga pamoja," nikamwambia. "Hicho kitabu nataka kukiona kwa macho yangu."

Watoto niliwaacha kwa dada yangu. Siku hizo gari halikuondoka peke yake. Tulingoja askari waseme barabara imepitika, ndipo basi letu likafuata msururu wa malori. Niliogopa hadi tulipopita Karuzi. Huyo mdai wangu aliogopa kunishinda. Alivuta tasbihi njia nzima, na nilipomgawia mkate akaniambia kwamba kazi hii hakuipenda. Alikuwa mwalimu, shule yake ikachomwa. Kuanzia hapo sikuweza kumchukia vizuri.

Dukani Muyinga, kijana wa marehemu alinipokea kwa heshima lakini uso umekaza. Alileta daftari la baba yake. Jora moja: hapo palikuwa na sahihi yangu, jina zima, kama nilivyofundishwa shuleni. Majora manne: palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa bluu, na maneno "fundi wa Gitega".

"Mimi naandika, bwana," nikasema. "Miaka yote nimeandika jina langu. Fungua kurasa za nyuma uone."

Alifungua. Ukurasa baada ya ukurasa, sahihi yangu. Akanitaka nichovye kidole gumba katika wino nikibandike kwenye karatasi. Changu kilitoka mistari mizima. Kile cha daftarini kilikatwa katikati na mstari mweupe, kama njia iliyopita shambani.

Kovu lile nalijua. Sindano ya cherehani ilichana gumba la mzee aliyenifundisha kazi, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa siku hiyo. Mara nyingi nilikuwa nikimtuma kwa Mhindi aniletee mizigo. Marehemu alimjua na kumwamini kama mjumbe wangu. Halafu mzee huyo wa cherehani alitoweka na familia yake bila kuaga.

"Unamjua mwenye kidole?" kijana akauliza.

Ningeweza kusema simjui, nikarudi zangu. Lakini baba yake alikuwa amenitendea haki siku zote. "Namjua," nikasema. "Lakini ni mwalimu wangu wa kushona, mzee mwenye kovu kwenye gumba. Asifuatwe na mtu kabla sijazungumza naye."

Yule mdai akakohoa. "Mzee wa namna hiyo iko Kobero. Anashona maturubai ya malori."

Kijana alifikiri, akachora mstari juu ya majora manne yaliyokuwa kwenye jina langu. "Akikubali mwenyewe, deni lihamie kwake. Atalipa kidogo kidogo."

Kesho yake mimi na mdai tulifika Kobero kwa pikipiki. Mzee alikuwa amepiga magoti juu ya turubai kubwa, sindano ya magunia mkononi, wachukuzi wakimruka. Aliponiona aliinuka polepole, halafu akajifunika uso.

"Mwanangu, nilikuwa nakimbia na mke na wajukuu," akasema. "Jina langu kwa Mhindi lilishachoka na madeni. Nikatumia lako, nikauza vitambaa njiani tupate kula."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ungeninyima?"

"Nisingekunyima."

"Ndiyo maana niliona haya kukuambia."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu Muyinga. Sikuyatumia hata moja. Mdai alifungua mkoba, akaandika deni upya, na mzee akabandika gumba lake mbele yetu bila kubisha. Jora langu moja nililipa siku ile ile tuliporudi Muyinga, na kijana akaniambia mlango wa duka uko wazi kama zamani.

Lakini kabla ya kuondoka Kobero, mke wa mzee alitupikia ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na sote wanne tukala kwenye sinia moja, mdai akiwa wa kwanza kunawa. Nilikuwa na njaa ya siku nne bila kujua. Mzee alishika ncha ya gauni langu, akaigeuza, akapitisha macho kwenye upindo.

"Nani ameshona hii?"

"Mimi."

"Imenyooka," akasema, akanisogezea ndagala wakubwa.