Wenzo wa Mashine ya Magome

Mtu akiniambia kwamba enzi za Mwingereza kazi zilikwenda vizuri kwa sababu ya nidhamu, natamani kumzaba kofi. Mimi nilikuwamo. Nilifanya kazi karibu na Njombe, kwenye kiwanda kilichochemsha magome ya miwati kupata dawa ya kulainishia ngozi za wanyama, na nidhamu hiyo niliionja mgongoni.

Bwana mkubwa, Mzungu, alikuja kila asubuhi kuuliza jambo moja tu: jana mashine ilisimama mara ngapi? Akitajiwa hata mara moja, alimfokea nyapara mbele yetu mpaka mate yakamruka. Nyapara, mtu wa Makambako, alikuwa na kiboko. Basi hasira ilishuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka ikatufikia sisi, na chini yetu hapakuwa na mtu.

Kazi yangu ilikuwa wenzo. Nikiuvuta, mashine ya kukata magome inasimama, nikiusukuma, inakwenda. Mume wa dada yangu ndiye aliyekuwa akiilisha magome. Wiki yangu ya kwanza yalikwama, nikavuta wenzo ili ayachomoe kwa usalama. Nyapara hakuuliza kwa nini. Alinilaza juu ya magunia akanichapa viboko sita watu wote wakitazama, na cha nne kilipasua ngozi. Tangu siku ile hakuna aliyesimamisha mashine tena.

Visu vikawa butu, lakini kuvinoa ni kusimamisha, kwa hiyo havikunolewa. Magome yakawa yanakwama kila mara, na shemeji akawa anayasukuma kwa mkono huku visu vinazunguka. Vipande vilitoka vikubwa, dawa ikawa nyepesi kama maji, wanunuzi wakairudisha. Wakachapwa watu wa kwenye mapipa ya kuchemshia, ambao hawakuwahi hata kuvigusa visu vyenyewe. Upumbavu wa namna hiyo ndio ulioitwa usimamizi.

Asubuhi moja ya masika baridi ilikuwa kali, na shemeji alikuwa amevaa koti lake kuukuu la mikono mirefu. Magome yalikuwa yameloa. Yakakwama, akasukuma, na mkono wa koti ukanaswa.

“Mulamu, vuta!” Ndivyo alivyoniita siku zote, yaani shemeji kwa Kibena.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya wenzo. Sikuvuta. Niligeuza shingo kumtafuta nyapara, nione kama ananitazama. Alikuwa mlangoni, amenipa mgongo. Nikangoja ageuke. Nilisikia mfupa ukivunjika, damu ikaruka mpaka kwenye magome yaliyokuwa nyuma yangu, na hapo ndipo nilipovuta.

Mashine iliponyamaza, nyapara akaja mbio.

“Nani amesimamisha?”

Shemeji alikuwa chini, mkono wake umeishia kwenye kiwiko. “Ni mimi, bwana,” akasema. “Nisamehe, bwana.”

Kiboko kilimwangukia begani kabla nyapara hajaona damu. Nilimrukia. Nilimnyang'anya kiboko nikamchapa nacho usoni, mdomoni, na alipoanguka nikampiga mateke ya mbavu mpaka wanaume wanne wakaning'oa. Nilifungwa kwa hilo, na sijalijutia hata siku moja. Kinachoniuma ni kwamba nguvu ya kumpiga nilikuwa nayo, na dakika moja kabla ya hapo nilikuwa naomba ruhusa yake kwa macho.

Mashine ilikaa kimya wiki nzima wakitafuta mtu mwingine wa kukubali kuilisha. Magome yakaozea uani kwa mvua.

Nilipotoka kifungoni nilikwenda kwa dada yangu. Shemeji alikuwa amekaa nje, anajifunza kumenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa magoti.

“Kamwene, mulamu,” akanisalimu, akacheka kidogo.

Dada akanikaribisha ndani, akaniwekea ugali na maharage, akapiga magoti kuninawisha mikono kama mgeni wa heshima.

“Kaka, Mungu akubariki,” akasema. “Mwenzangu ameniambia kila kitu. Amesema alipoita tu, ukavuta papo hapo. Amesema kama si wewe, ningekuwa mjane.”

Nilitazama mlangoni. Shemeji aliendelea kumenya, hakuinua macho.

“Asante, dada,” nikasema, nikanyoosha mikono aninawishe.