Jeep ya Baba Iliporudi Kuuzwa

Baba mkubwa alikuja kwetu Kasungami, pembezoni mwa mji, Jumapili baada ya misa, akiendesha jeep iliyokuwa ya baba yangu. Aliisimamisha mbele ya ua wetu, akapiga honi, akakaa ndani mpaka nilipotoka kumfungulia. Alikuwa amekuja kutuuzia.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Jeep aliinunua alipoacha kazi kwenye ofisi za mgodi, na hakuwa ameifaidi sana. Siku za kilio, Mama akiwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, ndugu za baba walijifungia sebuleni. Walipotoka, baba mkubwa ndiye aliyekuwa na funguo. Alimwambia Mama, "Gari itabakia mu familia. Batoto bakikomaa, tutaona." Nyumba ya mjini nayo ilikwenda hivyohivyo. Tuliachiwa kiwanja cha Kasungami kwa sababu wakati ule kilikuwa pori na hakuna aliyekitamani.

Sasa mimi ni mwalimu mjini, na nyuma ya nyumba Mama na mimi tunafuga kuku wa mayai. Wakati wa mvua barabara yetu inakuwa tope tupu. Taksi zinakataa kufika, na ukipakia mayai kwenye pikipiki unafika sokoni na nusu yake. Nilikuwa nimeanza kuulizia jeep iliyotumika, yenye nguvu, hata kama ni ya zamani. Habari zilimfikia baba mkubwa.

"Mutoto wangu," aliniambia, akiwa amekaa kwenye kiti tulichomtolea barazani, "hii gari naweza kuuzisha ku bantu ba Kolwezi, beko na feza. Lakini nilisema nianze kwenu. Iko ya baba yenu."

Alilisema bila kupepesa macho. Nilimtazama Mama. Alikuwa anapanga glasi kwenye sinia.

"Kilomita ziko mingi," akaendelea, "siwezi kukudanganya. Lakini moteur iko nzima kabisa."

Mdogo wangu, ambaye ni fundi umeme na anajua magari kiasi, alikuwa ameshafungua boneti kuikagua injini. Mimi nilifungua mlango wa dereva nikasoma namba ya kilomita. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba niliirudia. Wanunuzi wengine wangefikiria mikanda na mafuta. Mimi nilifikiria jeep ikienda kwenye harusi za Likasi ambazo hatukualikwa, na binamu zangu, watoto wake, wakipelekwa chuo kikuu kila asubuhi. Mara moja, mimi nikiwa mwanafunzi pale pale chuoni, jeep hii ilinipita mjini kwenye mvua, ikanimwagia maji mpaka kiunoni. Binamu yangu alikuwa dirishani. Aliniona, kisha akainamia simu yake.

"Tuijaribu," alisema mdogo wangu.

Tulipanda sote. Niliendesha mimi, baba mkubwa kando yangu, Mama na mdogo wangu nyuma. Niliipeleka makusudi kwenye ile sehemu mbaya, kule ambako malori ya mchanga yamechimba mashimo. Jeep ilishuka taratibu, ikatafuta, ikapanda upande wa pili bila kuguna. Mikononi mwangu usukani ulikuwa mwepesi. Nilifurahi, na furaha ile ilinichukiza, kwa maana nilikuwa nimetumaini kuikuta mbovu.

"Unaona?" alisema baba mkubwa. "Niliitunza."

Sijui kwa nini ni neno hilo lililonichokoza. Nikamwambia, nikiwa bado natazama barabara, "Baba, ule mwaka Mama alifanyiwa operesheni, tulikupigia simu utusaidie kumufikisha hospitali. Ulisema gari iko garage."

"Ndiyo, njo ilikuwa garage."

"Haikuwa garage," Mama alisema kutoka nyuma.

Hakupandisha sauti. "Banilalisha kitanda ya karibu na dirisha. Niliiona mu parking. Ulileta muke wako kuona dada yake mwenye alikuwa amezala mutoto. Mulishuka na mauwa."

Nilipunguza mwendo. Mama alikuwa amepelekwa hospitali ile kwa pikipiki, mdogo wangu akimshikilia kwa nyuma ili asianguke. Hilo tulilijua. La maua hatukuwa tumelisikia kamwe.

Baba mkubwa alishusha kioo kidogo, akakipandisha. "Hiyo iko mambo ya zamani, mama."

"Ndiyo, ya zamani," Mama alijibu. "Na gari pia."

Niligeuza gari, tukarudi nyumbani. Pale, Mama alifunga kitenge chake vizuri akaenda jikoni, akampikia baba mkubwa bukari, ule ugali wetu, na kuku, kwa sababu ni mkubwa wa ukoo na saa ya kula ilikuwa imefika. Alikula vizuri. Alipomaliza kunawa, alisema, "Mufikiri. Lakini musikawie," akaondoka na jeep yake.

Jioni tulikaa watatu. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuamua.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "tuinunue. Gari haina kosa. Zile za kutoka mpakani Kasumbalesa hatujui zimetoka wapi, zimegongwa mara ngapi. Hii tunaijua."

"Tunanunua kitu chetu wenyewe," nilisema.

"Najua. Tunalipa mara moja, inaisha."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa na mayai ya kufikisha sokoni. Ningekuwa peke yangu, nadhani ningempigia simu baba mkubwa usiku uleule. Lakini nilimgeukia Mama nikamuuliza kwa nini alitunyima habari ya hospitali miaka yote hiyo.

Alikuwa anachambua mchicha wa kesho. "Ningewaambia, mungefanya nini? Mulikuwa munaenda kwake kila Noeli. Kule njo mulikuwa munakula nyama. Mungejua, mungekataa kwenda." Akatupa shina moja. "Nilitaka mukule."

Nilizikumbuka Krismasi zile. Nilikumbuka nikiwa nimesimama mbele ya baba mkubwa na sahani tupu mkononi, nikisema aksanti sana, baba, na kupiga goti kidogo. Nilikuwa nikimshukuru kwa moyo wote. Nilidhani ni mtu mwema aliyelemewa na watoto wake mwenyewe.

"Nunua kama unataka," Mama alisema. "Mimi nitaendelea kupanda pikipiki. Na ukinunua ujue, haitaisha. Atasema ku bantu bote eti njo yeye alitusaidia."

Kesho yake nilimpigia baba mkubwa simu nikamwambia hapana. Hakukasirika. Alisema sawa, na kabla ya Jumapili nyingine jeep ilikuwa kwa mfanyabiashara wa Kolwezi. Kwenye ukoo alieleza kwamba alitaka kuturudishia gari ya baba yetu, sisi tukaikataa kwa kiburi, na kwamba Mama ndiye anayetia sumu. Shangazi mmoja alinipigia kunikaripia. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ningemweleza kuhusu maua, lakini nilihisi kwamba hata maua angeyatafutia udhuru.

Nilinunua jeep nyingine, iliyoingia kwa Kasumbalesa, usukani upande wa kulia badala ya kushoto kama magari ya kwetu. Namba yake ya kilomita ilikuwa ndogo mno. Mdogo wangu aliitazama akacheka, akasema aliyeirudisha nyuma alikuwa na haraka. Hata mimi sikuiamini, lakini zile zilizofichwa zilikuwa kilomita za watu nisiowajua, na nilijiambia kwamba hizo zitanibeba bila kuniuma.

Haikunibeba sana. Mvua za kwanza tu, injini ilichemka, na tangu hapo fundi anaifahamu kuliko ninavyoifahamu mimi. Mdogo wangu alinisaidia mara mbili tatu, kisha akachoka. "Ile ingekuwa bado inatembea," alisema, na siwezi kumbishia. Tunasalimiana vizuri. Habari za magari tunaziruka.

Wiki iliyopita ilitukwamia tena, katikati ya tope, nyuma ikiwa imejaa trei za mayai. Nilishuka nikasimama kando, viatu vya shule vimezama, nikampigia fundi ambaye hakupokea. Mama alibaki kwenye kiti chake amefunga mkanda, mkoba mapajani, ametulia kama mtu aliyefika. Nilimwambia ashuke, tutafute pikipiki.

"Acha nikae," alisema. "Iko muzuri humu."

Nilikuwa na hasira na gari, na baba mkubwa, na binamu zangu, na hata na yeye kwa utulivu ule. Nikaanza kushusha mayai.